Debe la Mama Mkwe

Kila siku, kabla ugali haujapakuliwa, Wamalwa alibeba karai la bati kwa mikono miwili akaingia nalo bweni la wanaume, akichechemea kwa ule mguu ulioangukiwa na taruma la chuma huko Gilgil alipokuwa kwenye genge la reli. Ndani ya karai mlikuwa na maji na kifuniko kimoja cha dawa nyeupe, ile inayonuka kama choo cha stesheni. Alianzia kitanda cha karibu na mlango. Mzee wa kwanza akatumbukiza mikono, akaisugua, akaitoa. Wa pili hivyo hivyo. Kufika kitanda cha kumi, maji yalikuwa yameacha weupe. Kufika cha ishirini, yalifanana na maji ya kuoshea magunia ya pareto.

Thuo alilala kitanda cha ishirini na mbili, cha mwisho kabisa, chini ya dirisha. Alikuwa amekamua ng'ombe wa wazungu miaka thelathini na mitano kule Subukia, na meno aliyobaki nayo yalikuwa manne.

"Leo umeniletea supu, Wamalwa?"

"Nawa, mzee. Usinicheleweshe."

"Nikinawa humu itabidi nitafute mahali pa kunawa tena."

"Dawa imo," akasema Micah kutoka nyuma.

Micah alikuwa dresa, mfunga vidonda wa nyumba hiyo ya wazee, mtu wa viatu vya kamba na kalamu mfukoni, na ndiye aliyekuwa na funguo za kabati la dawa. Kazi yake wakati wa chakula ilikuwa kitambaa. Wazee wakishamaliza kula, alipita kitanda kwa kitanda akiwapangusa midomo na vidole, kisha anakichovya kitambaa katika lile lile karai, anakikamua, anaendelea na mwingine. Kitambaa kilikuwa kimoja. Baada ya hapo Wamalwa alivuka ua na karai, akaliweka kizingitini pa bweni la wanawake, kwa kuwa wanaume hawakuruhusiwa kupita hapo, na mhudumu Chemutai akalipokea. Wanawake kumi na wanane wakanawa humo humo.

Haikuwa hivyo zamani. Zamani mhudumu alishika birika, akamwagia kila mzee maji mikononi, yakaanguka chini yakaenda zake, kama watu wanavyonawa kila mahali. Halafu kiangazi kikaja, tangi likapungua, na Kamati ikanunua dawa. Kamati ilikuwa ni wake wa wenye mashamba na wenye maduka ya mjini Nakuru, waliojenga nyumba ile juu ya mteremko, mbali kidogo na reli, kwa ajili ya vibarua waliozeeka wakakosa pa kwenda. Walikuja mara moja kila miezi mitatu, wakaketi barazani, wakanywa chai. Memsahib Prewett, matroni wao, alikuwa amebandika kanuni ukutani: maji karai moja, dawa kifuniko kimoja. Wamalwa alisoma darasa la pili tu, lakini maneno hayo aliyajua. Alijua pia kwamba siku ya Kamati, mpishi alizunguka barazani na birika la maji ya moto na taulo sita nyeupe, moja kwa kila memsahib. Hakuona karai pale.

Aliyaona hayo yote na bado akalibeba karai. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote, na ndilo alilolisema kwa sauti ndogo sana.

Mtu mmoja tu katika nyumba ile hakunawa katika karai. Huyo alikuwa Nasimiyu, mama wa marehemu mke wake.

Kwao Wamalwa, mwanamume hamsogelei mama mkwe. Hampi mkono, hali naye, halali chini ya paa moja naye, na wakikutana njiani mmoja wao huingia majanini. Ndiyo maana Nasimiyu alipofukuzwa shambani huko Subukia, wiki mbili baada ya kumzika mumewe, hakuweza kuja kukaa nao katika chumba chao kimoja nyuma ya jiko. Mke wa Wamalwa, Nabalayo, alikuwa mhudumu wa bweni la wanawake wakati huo. Alimwomba matroni wa kabla ya Prewett, na mama akapewa kibanda cha udongo nyuma ya ua wa miiba, kilichowahi kuwa cha mlinzi.

Nabalayo mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpelekea mama yake maji. Alipokufa, kazi ikabaki bila mtu. Chemutai alikuwa na wanawake kumi na wanane wengine. Wamalwa hakuweza kushika karai mbele ya mama mkwe, achilia mbali kumnawisha. Basi akachukua debe la mafuta ya taa, akalichemsha mpaka harufu ikaisha, akalitoboa kitundu chini pembeni kwa msumari, akachonga kijiti cha mzeituni cha kuziba. Alilining'iniza kwenye nguzo ya ua. Kila asubuhi alilijaza akiwa upande wake. Nasimiyu alikuja kwa upande wake akiwa peke yake, akalegeza kijiti, maji yakatiririka kama mkojo wa mtoto, akanawa, akaziba. Kikombe chake alikiosha hapo, na sahani yake hapo. Hakuna aliyefikiria ugonjwa. Ilikuwa ni heshima tu.

Na kwa kuwa hawakuruhusiwa kusemezana, walisema na kuku. Nasimiyu alikuwa na kuku mmoja mwekundu.

"Kuku," angesema, amegeuzia ua mgongo, "mwambie huyo anayejaza maji kwamba leo yana majani."

Naye Wamalwa, amegeukia jiko, angejibu, "Kuku, mwambie mama nitayachuja."

"Mwambie pia amekonda. Hakuna anayempikia?"

"Mwambie ninakula."

"Kuku, huyo anadanganya. Nguo zinamning'inia."

Nabalayo alikufa Februari ya mwaka jana. Alianza kuhara Jumatatu, damu ikaonekana Jumanne, akafa Ijumaa, na wazee tisa wakamfuata. Yeye ndiye aliyefua mashuka yao, ndiye aliyekamua kitambaa. Memsahib Prewett aliiandikia Kamati kwamba wahudumu walileta ugonjwa kutoka sokoni kwa kula matunda bila kuosha. Nabalayo hakuwa amekwenda sokoni tangu Krismasi. Siku ya Alhamisi, akiwa hawezi tena kuinua kichwa, alimshika Wamalwa mkono. "Mama asifie humu," akasema. "Mrudishe kwetu Kimilili." Wamalwa akaitikia. Mwaka mzima akawa anangoja ruhusa ya safari, barua za nyumbani, watu wa kumpokea.

Sasa ilikuwa Februari tena. Upepo ulipanda kutoka ziwani na vumbi jeupe la magadi, likakaa juu ya vitanda na juu ya ugali. Jumatatu, mzee wa kitanda cha nne akaanza kukimbilia chooni. Jumatano walikuwa sita. Ijumaa wanawake wawili.

Jumamosi Wamalwa alipofika kitanda cha ishirini na mbili na karai lake, Thuo hakuwapo. Alimkuta nje, ameegemea fimbo, ananawa kwenye debe.

"Hilo ni la mama mkwe wangu, mzee."

"Mama mkwe wako, si wangu," Thuo akasema. "Mimi naruhusiwa hata kumwoa. Nimenawa hapa tangu Jumapili iliyopita; kwenye karai lako najifanya tu, na kitambaa nakikataa. Yeye hugeuka tu akatazama kilima."

"Kwa nini unakuja huku kote?"

"Nilikamua ng'ombe maisha yangu yote, Wamalwa. Ukiosha chuchu za ng'ombe wote kwa ndoo moja na kitambaa kimoja, kabla wiki haijaisha wote wamevimba. Mzungu wangu alijua hilo. Alinipa kitambaa kwa kila ng'ombe. Alimpenda ng'ombe, yule." Akafunga kijiti. "Wewe hebu hesabu vitanda."

Wamalwa akahesabu. Kitanda cha nne, cha tisa, cha kumi na moja, na kutoka cha kumi na nne hadi cha ishirini na moja karibu wote. Cha ishirini na mbili, mzima. Mwanamke wa kibanda, mzima. Alisimama na karai mikononi, na kwa mara ya kwanza akalimwaga pale pale kwenye vumbi. Kisha akaenda kwa Micah.

Micah alikuwa akiandika kwenye kitabu cha joto. Alikuwa na kipima joto kimoja, amekibana midomoni kama sigara.

"Bwana dresa, ugonjwa uko kwenye karai."

"Wewe ni daktari siku hizi?"

"Wanaonawa kwenye debe hawaugui. Mzee Thuo na mama mkwe wangu. Hesabu mwenyewe."

"Watu wawili ndio hesabu?" Micah akaweka kalamu. Hakuwa mtu mbaya, au tuseme hakuwa na nafasi ya kuwa mzuri. "Sikiliza. Daktari wa serikali anakuja Alhamisi. Memsahib hajalala. Unataka niende nimwambie dawa ya Kamati inaua watu? Niende nimwambie hivyo kwa kinywa hiki?"

"Basi nitaenda mimi."

"Nenda. Ukirudi na kazi, nitakununulia chai."

Memsahib Prewett alimsikiliza akiwa amesimama barazani, mkono kiunoni, mbwa wake amelala miguuni. Alikuwa na macho mekundu kweli.

"Wewe nasema maji yangu iko chafu?"

"Maji ni safi, Memsahib. Mikono ya watu arobaini ndiyo inayoyachafua."

"Dawa naua wadudu yote. Iko andikwa kwa chupa."

"Chupa haijaona mikono yenyewe, Memsahib. Wanaonawa kwenye debe la mama kule nyuma ni wazima."

Memsahib akatazama kule nyuma ya ua, moshi wa Nasimiyu ukipanda, na Wamalwa akajuta kutaja debe. "Ile mama nakaa peke yake kwa nini? Daktari atauliza mimi. Kesho yeye naingia ndani, kitanda, shuka nyeupe, kama wengine. Ile nyumba mimi nataka kwa magodoro."

Magodoro. Kulikuwa na magodoro kumi na moja yaliyolowa kinyesi na damu nyuma ya chumba cha dobi, na daktari hakutakiwa kuyaona.

"Memsahib, mimi humchotea yeye maji. Kwetu ni mila. Mwache pale mpaka ugonjwa upite."

"Hapa hapana mila," akasema Memsahib Prewett. "Hapa iko usafi."

Asubuhi ya Jumapili Wamalwa alisimama upande wake wa ua, amegeukia jiko. Alijaza debe ingawa hapakuwa na sababu.

"Kuku," ikaja sauti, "mwambie huyo asigombane. Nimemsikia jana mpaka huku."

"Kuku, mwambie mama akatae. Ajifanye mgonjwa wa miguu. Ajifanye kichaa."

"Mwambie nimefukuzwa shamba na mtu mwenye bunduki. Huyu wa leo ana mbwa tu." Sauti ikasogea karibu na ua. "Mwambie kazi yake ikiisha, nani atanifikisha nyumbani?"

Chemutai akaja, akamshika mama mkono, wakaenda polepole, kikombe chake kimefungwa kwenye kanga. Kikombe kikawekwa pamoja na vikombe vingine. Adhuhuri Wamalwa akaletewa karai na Micah mwenyewe, limejazwa, dawa imo vifuniko viwili sasa. Kule mlangoni mwa bweni la wanawake akalikabidhi kwa Chemutai.

"Usimpe," akamnong'oneza.

"Memsahib amekaa humo ndani kwenye kiti," Chemutai akasema bila kumtazama. "Anaangalia kila mkono."

Kuku mwekundu akapelekwa jikoni jioni ile ile. Mpishi aliambiwa aanze kukusanya nyama ya kumlisha daktari.

Jumanne Nasimiyu akaanza kuhara.

Jumatano asubuhi Chemutai hakutokea kizingitini. Wamalwa aligonga, akaita, akasikia mtu akitapika. Micah akaja mbio kutoka bweni la wanaume, shati limemtoka kwenye suruali.

"Chemutai amelala chini, naye amekumbwa. Msaidizi wake ametoroka kwao Rongai usiku. Nina wanaume kumi na tatu kule, sina mikono."

"Na wanawake?"

"Memsahib amepiga simu mjini. Wataleta mtu."

"Lini?"

Micah alikuwa amekwisha kugeuka kurudi kwa wanaume wake. Wamalwa akatazama kizingiti. Mwaka na nusu alikuwa amekiona kila siku na hajawahi kukivuka. Ndani, mwisho wa bweni, aliisikia sauti ya mama mkwe ikiomba maji. Haikuomba kupitia kwa kuku. Iliomba tu, kama inavyoomba sauti ya mtu yeyote.

Alirudi uani akafungua debe kwenye nguzo, akalibeba begani, akalining'iniza kwenye msumari wa kufungia mlango. Akalijaza maji yaliyochemka, akanawa kwa sabuni mpaka viwiko, kisha akaingia.

Kile alichokifanya siku zile nne hakukisimulia kwa mtu baadaye, na hata sisi tusimvue nguo mwanamke wa watu. Inatosha kusema kwamba alimgeuza, alimfuta, alimbadilisha, alimshika kichwa akamnywesha uji mwepesi wenye chumvi kijiko kwa kijiko, kama alivyomwona Nabalayo akiwanywesha wengine. Mara ya kwanza Nasimiyu alipomtambua, alijifunika uso kwa viganja akageukia ukuta.

"Toka," akasema. "Binti yangu ananiona."

"Ndiye aliyenituma, mama."

"Toka, mwana wa watu. Afadhali nife."

"Utakasirika ukipona," Wamalwa akasema, na akaendelea na kazi, macho yake akiyaweka kwenye mguu wa kitanda kadiri alivyoweza.

Akamaliza kwake, akanawa kwenye debe, akaenda kwa mwingine. Akanawa tena. Vikombe vyote alivikusanya akavichemsha katika pipa la dobi, kisha akakikwaruza kila kimoja alama yake kwa msumari ili visichanganyike. Kila mwanamke alipasuliwa kipande chake cha shuka kuukuu. Karai alilitupa nje, kifudifudi. Ngozi ya mikono yake ikapasuka kwa sabuni, ikatoa damu kwenye vifundo. Thuo alikuja na fimbo yake akasimama mlangoni, akajipa kazi ya kulinda kijiti.

"Wewe, nawa kwanza," alimwambia mpishi aliyeleta uji. "Na huko pia, katikati ya vidole. Unaogopa maji kama paka?"

Wanawake wawili walikufa Alhamisi, wale waliotangulia kuugua. Baada ya hapo hakuna mwanamke mpya aliyeugua. Kule kwa wanaume, Micah aliliokota karai likaendelea kuzunguka, wakafa watano.

Daktari hakuja Alhamisi. Alikuja Jumatatu, kijana mwekundu mwenye vumbi nyusini, na supu ya kuku ilikuwa imechacha zamani. Alipita bweni la wanaume na Memsahib na Micah, akaliona karai kwenye kigoda, akainama akalinusa. Akauliza jambo kwa Kiingereza. Memsahib akajibu kirefu. Daktari akalichukua karai mwenyewe, akatoka nalo, akalimwaga ukingoni mwa baraza, mbele ya wote. Kisha akavuka ua akaliona debe mlangoni. Akalegeza kijiti, akaangalia maji yakitiririka, akakiziba. Akacheka kidogo kwa kupendezwa, akauliza tena.

Memsahib Prewett akajibu kwa neno moja au mawili, akajigusa kifua.

Wamalwa alikuwa pale, ndoo mkononi. Hakuwa amepanga kusema. "Bwana daktari," akasema, "mke wangu Nabalayo alikufa mwaka jana kwa karai hilo, na wazee tisa. Mwaka huu ni saba. Nilimwambia dresa, nikamwambia memsahib, kabla hawajafa. Debe nililitengeneza mimi kwa sababu ya heshima ya mama mkwe, wao wakalikataa, wakamwingiza kwenye ugonjwa akiwa mzima. Na magodoro yako kwenye kile kibanda. Nenda uyaone."

Daktari akamgeukia Micah amfasirie. Micah akalamba midomo. Alisema kitu kifupi sana, kifupi kuliko jina la Nabalayo peke yake. Daktari akaitikia kwa kichwa, akampiga Wamalwa begani kwa upole, akaenda kwenye gari lake. Kwenye kibanda hakwenda.

Kabla ya chakula Micah akamwita nyuma ya jiko.

"Umeachishwa," akasema. "Kosa lililoandikwa ni kuingia bweni la wanawake. Ni kanuni."

"Ulimwambia nini daktari?"

"Nilimwambia umefiwa." Micah alikuwa akitazama viatu vyake. "Si uongo. Wamalwa, nina watoto shuleni."

"Mimi sina," Wamalwa akasema.

Alikuwa na sanduku moja la bati na blanketi. Mama mkwe alikuwa na kikombe. Mpishi akawapa mkokoteni wa kuni uwafikishe stesheni, atume mtu auchukue kesho, na Chemutai, aliyekuwa ameanza kusimama, akamsaidia Nasimiyu kupanda. Mwili wake ulikuwa umebaki kama mzigo wa nguo. Kwa treni ya Uganda wangefika kwao keshokutwa, ruhusa au bila ruhusa. Huko Wamalwa angelazimika kueleza wazee kwa nini alimwona mama mkwe uchi, na kungekuwa na kondoo wa kuchinjwa kusafisha aibu, na watu wa kucheka nyuma ya viganja.

Akipita mlangoni pa bweni, alisimama mbele ya debe. Fundi alikuwa amekwisha kupaka rangi ya kijani ubavuni. Daktari aliamuru yatengenezwe mengine matano, na Memsahib alikuwa amemtuma mtu mjini kununua madebe. Wamalwa alichomoa kijiti, akakitia mfukoni. Maji yakaanza kutiririka ardhini. Akashika mkokoteni akaondoka bila kugeuka.

Walishuka mteremko mpaka kwenye miti ya mwisho, pale reli inapoonekana. Nasimiyu alikuwa ameketi akitazama mbele, Wamalwa nyuma akisukuma. Alisikia pumzi yake tu. Hakukuwa na kuku wa kumsemea.

"Wamalwa," akasema.

Alisimama. Hakuwahi kusikia jina lake kwa sauti ile. Ilikuwa na kitu cha Nabalayo ndani yake, katika mwisho wa neno.

"Naam, mama."

"Nimesikia maji yanamwagika tulipokuwa tunatoka. Umeondoka na nini?"

"Changu. Nilikichonga mimi."

"Ni chako."

"Waache wachonge chao. Wana fundi, wana Kamati, wana rangi ya kijani."

"Ni chako," akarudia. "Na wale mle ndani ni wenzangu. Yule mzee wa meno manne ana mikono yake miwili tu, ataziba tundu nayo mpaka lini?" Akavuta pumzi. "Mimi umekwisha kuniaibisha, yote yamekwisha. Usiniaibishe tena kwa kijiti."

Wamalwa alitaka kumwambia kwamba alikuwa amelibeba karai mwaka mzima kwa kunyamaza, na kwamba siku moja ya kutonyamaza imemtoa kazini, na kwamba alikuwa na haki ya kuondoka na kipande cha mti. Badala yake aliweka jiwe chini ya gurudumu la mkokoteni, akapanda tena mteremko, mguu ukimuuma.

Debe halikuwa likitiririka. Mtu alikuwa amekwisha kuliziba. Wazee walikuwa wamepanga foleni, Thuo mbele, amenyoosha mikono yake, na Micah alikuwa amesimama kando akilegeza kizibo ili maji yatoke kidogo kidogo juu ya vidole vyao. Kizibo kilikuwa kitambaa. Kile kile cha midomo, kimesokotwa, kimeingizwa tunduni, na maji yalipita ndani yake kabla ya kufika mikononi mwa watu.

"Nimekosa kingine," Micah akasema. "Lakini nilikichovya kwanza. Dawa imo."

Wamalwa akakichomoa. Akakipeleka mpaka jikoni kwa ncha za vidole viwili, akakitupa chini ya sufuria, akangoja mpaka kikashika moto. Akarudi, akakitia kijiti mahali pake, akakigonga mara mbili kwa kiganja kilichopasuka. Kisha akakilegeza, akanawa mikono yake mwenyewe mbele yao, polepole, mpaka viwiko.

"Hivi," akamwambia Thuo, si Micah. Akashuka kwenda kwa mama mkwe.